Metchnikoff: Bingwa wa maziwa mgando ambaye hoja yake imerejea wodini

MGONJWA wa saratani ya damu anayepandikizwa uloto wa mtu mwingine hupitia majuma kadhaa ambayo mwili wake hauna ulinzi hata kidogo. Kwanza madaktari huuangamiza uloto wake mbovu kwa dawa kali au kwa mionzi. Kisha humtilia mshipani seli shina za damu zilizotolewa kwa mtu mzima wa afya, na baada ya hapo kazi kubwa inayobaki ni kusubiri. Kila siku damu yake huchukuliwa na kuhesabiwa chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili. Zikifika 500 katika kila maikrolita ya damu, kwa siku tatu mfululizo, jamaa zake huambiwa kwamba uloto mpya umeshika.

Mtu wa kwanza kueleza kazi ya chembe hizo, kwamba huwakamata bakteria na kuwameza, ni Élie Metchnikoff, aliyefariki dunia jijini Paris mwaka 1916. Ni yeye pia aliyesimama mbele ya umma na kudai kwamba vijidudu wanaoishi ndani ya matumbo yetu ndio wanaoamua tuzeeke upesi au polepole. Kwa hoja ya kwanza alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hoja ya pili, vizazi viwili vya madaktari vilimcheka.

Tangu mwaka 2012, watafiti wa upandikizaji wa seli shina wamekuwa wakigundua kwamba mambo hayo mawili, chembe zinazokula na vijidudu wa matumboni, yana uhusiano wa karibu kuliko alivyodhani hata yeye mwenyewe. Ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa upya, pamoja na mahali alipopatia na mahali alipokosea vibaya.

Alizaliwa Mei 1845 katika kijiji cha Ivanovka, karibu na mji wa Kharkiv, eneo ambalo siku hizo lilikuwa ndani ya Dola ya Urusi na leo ni sehemu ya Ukraine. Jina alilopewa ni Ilya Ilyich Mechnikov. Hilo la Kifaransa alilipata ukubwani. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la walinzi wa mfalme, mtu aliyependa kamari kuliko uwezo wa mfuko wake. Mama yake alitoka katika ukoo wa Kiyahudi wenye wasomi. Kijana huyo, kitinda mimba wa familia, aliingia Chuo Kikuu cha Kharkiv na kumaliza kwa miaka miwili masomo yaliyopangiwa miaka minne.

Hakuwa daktari, na hakuwahi kuwa. Alikuwa mwanazuolojia aliyeshughulikia wadudu na viumbe wa baharini, akawafuata katika kisiwa cha Heligoland na baadaye pwani za Naples. Alipofika miaka 22 alikuwa tayari mhadhiri katika mji wa Odessa.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovitch, mwanamke aliyekuwa akiugua kifua kikuu kwa kiwango ambacho siku ya harusi alibebwa kanisani juu ya kiti. Kwa miaka minne Metchnikoff alihangaika naye kutafuta hewa nzuri, hadi kisiwa cha Madeira, na huko ndiko alikofariki Aprili 1873. Mume alikunywa mofini ili afe. Dozi ilikuwa kubwa kupita kiasi, akatapika, akapona.

Mwaka 1875 alioa tena. Olga Belokopytova alikuwa bado binti mdogo wa shule, jirani yake, na ndiye aliyekuja kuwa msaidizi wake wa maabara na mwandishi wa habari za maisha yake. Olga naye alipopatwa na homa ya matumbo mwaka 1880 na kukaribia kufa, mumewe alivunjika moyo kwa mara nyingine. Mwaka uliofuata alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kurudi-rudi, ndugu ya hiyo tunayoiita homa ya papasi, kwa hoja kwamba ataonyesha iwapo ugonjwa huo huambukizwa kwa damu. Aliugua karibu ya kufa. Wasomaji wake wengi wameona katika kitendo hicho jaribio la pili la kujiua lililovikwa joho la sayansi, na si rahisi kuwapinga.

Baada ya kuuawa kwa Mfalme Alexander II mwaka 1881, siasa iliingia vyuoni kwa kishindo. Metchnikoff aliacha kazi mwaka 1882 na kuhamia na familia ya mkewe katika mji wa Messina, kisiwani Sicily, wakiishi kwa urithi wa upande wa Olga.

Huko ndiko lilikotokea jambo lililobadili mkondo wa tiba. Siku moja familia ilikwenda kuangalia sarakasi ya nyani, yeye akabaki peke yake na hadubini. Alikuwa akitazama viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambao mwili wao ni mwangavu kama kioo, na ndani yake aliona chembe zinazotembea. Akajiuliza: ikiwa chembe hizi ni walinzi, je, hazitakimbilia kitu kigeni kikiingia mwilini? Alitoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo viluwiluwi wake. Usiku ule hakulala. Asubuhi alikuta miiba imezingirwa na umati wa chembe.

Kabla ya hapo wataalamu wengi waliona usaha na uvimbe kuwa ni dalili ya uharibifu tu, na wengine walidhani kwamba chembe nyeupe huwasafirisha vijidudu na kuwaeneza mwilini. Metchnikoff alisema kinyume chake: uvimbe ni vita, na chembe hizo ni askari. Profesa mmoja wa Vienna, Carl Claus, alimsaidia kupata jina la Kigiriki, fagosaiti, yaani chembe zinazokula. Baadaye aliwagawa askari hao katika makundi mawili, makrofeji kwa wale wakubwa na mikrofeji kwa wale wadogo. Hao wadogo ndio nyutrofili wanaohesabiwa leo katika wodi za uloto.

Upinzani ulikuwa mkali, hasa Ujerumani. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu, bila chembe yoyote, yanaweza kuidhoofisha sumu ya dondakoo na ya pepopunda. Ilionekana kwamba ulinzi wa mwili umo katika majimaji, na fagosaiti ni wafagiaji wanaokuja vita ikishakwisha. Metchnikoff, ambaye tangu mwaka 1888 alikuwa amepewa maabara na Louis Pasteur mwenyewe jijini Paris, alipigana kwa makala na mihadhara kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 1908 Kamati ya Nobel iliamua kwa hekima: tuzo ikagawanywa kati yake na Paul Ehrlich, kinara wa kambi ya majimaji. Sayansi ya baadaye ilithibitisha kwamba kambi zote mbili zilikuwa na haki.

Sasa tuje matumboni.

Mwaka 1892 kipindupindu kilikuwa kimeingia Ufaransa, na wanasayansi walikuwa wakibishana kama bakteria aliyegunduliwa na Robert Koch anatosha peke yake kuleta ugonjwa huo. Metchnikoff alimnywa bakteria huyo akiwa hai. Hakuugua. Mtu mwingine alijitolea akanywa, naye hakuugua. Wa tatu alikunywa na nusura afe. Kwa vipimo vya leo jaribio hilo lingempeleka mahakamani, na ingekuwa haki.

Lakini swali aliloondoka nalo lilikuwa zuri. Kwa nini kinywaji kilekile kimdhuru mmoja na kuwaacha wawili? Alipootesha vijidudu mbalimbali katika sahani za maabara, aliona kwamba baadhi yao huwasaidia bakteria wa kipindupindu kustawi na wengine huwazuia. Hitimisho lake ni kwamba mgeni anapoingia tumboni, wenyeji wa mle ndani ndio wanaoamua hatima yake.

Laiti angeishia hapo. Miaka iliyofuata alijikita katika uzee, akaandika kitabu juu ya tabia ya mwanadamu mwaka 1903, na humo akaipa elimu ya uzee jina linalotumika hadi leo, jerontolojia. Alifikia imani kwamba utumbo mpana ni ghala la uozo, kwamba bakteria wa humo hutengeneza sumu inayoingia katika damu na kuchakaza viungo. Alitoa mfano wa ndege kama kasuku, ambao utumbo wao mpana ni mfupi na umri wao ni mrefu.

Dawa aliyopendekeza ilikuwa ya kawaida kabisa. Wakulima wa Bulgaria, alisema, hula maziwa mgando na wengi wao huishi sana. Mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, Stamen Grigorov, alimtambua bakteria anayegandisha maziwa hayo. Metchnikoff aliamini kwamba asidi ya bakteria huyo itawazuia waozeshaji. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa mgando kila siku, na mhadhara wake wa Juni 1904 jijini Paris uliwafanya watu wa mjini wayakimbilie. Mwaka 1919 Isaac Carasso alifungua jijini Barcelona biashara ya mtindi aliyoiita Danone, akitumia mbegu za bakteria kutoka Taasisi ya Pasteur.

Kwa msomaji wa huku kwetu, ambako maziwa mgando, mtindi au mala ni kinywaji cha tangu enzi za mababu, mshangao wa Paris huenda ukachekesha kidogo.

Ila ubaya nao ulikuwapo. Hofu ya utumbo mpana ilivuka mipaka, na jijini London daktari maarufu wa upasuaji, Arbuthnot Lane, aliwakata wagonjwa utumbo mpana ili kuwaepusha na sumu hiyo ambayo hakuna aliyewahi kuithibitisha. Metchnikoff hakushika kisu, lakini jina lake lilitajwa sana katika mjadala huo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Leo Rettger wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa Bulgaria hawakai kabisa katika matumbo ya binadamu. Nadharia ikawekwa kabatini.

Mwenyewe hakuwapo kuyashuhudia hayo. Moyo wake ulianza kudhoofika mwishoni mwa mwaka 1915, vita kuu ikiwa imeitawanya maabara yake, na siku za mwisho alilazwa katika vyumba alivyowahi kuishi Pasteur ndani ya taasisi. Alimwomba rafiki yake daktari Salimbeni kwamba akishafariki, aupasue mwili wake na kuyatazama matumbo kwa makini. Alifariki Julai 15, 1916 akiwa na umri wa miaka 71. Kwa mtu aliyehubiri maisha marefu, wachambuzi waliona umri huo kuwa mdogo. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Kazi yake moja isiyotajwa sana ndiyo iliyomfungulia mlango wa kurudi. Pasteur aliamini kwamba mnyama hawezi kuishi bila vijidudu. Metchnikoff alitilia shaka, na Olga alijaribu kulea viluwiluwi vya chura katika mazingira safi, akatangaza matokeo mwaka 1901. Viluwiluwi vyake vilidumaa. Lakini mwaka 1912 Michel Cohendy, wa maabara hiyohiyo, aliweza kulea vifaranga wasio na kijidudu hata kimoja.

Miongo mingi baadaye, wanyama wa aina hiyo waliingia katika historia ya uloto. Upandikizaji ulioasisiwa na Mmarekani E. Donnall Thomas mwaka 1957 ulikuwa na adui wa ajabu: chembe za kinga zinazotoka kwa mtoaji huweza kuuona mwili wa mpokeaji kuwa ni mgeni, zikaushambulia katika ngozi, ini na matumbo. Katika miaka ya 1970, Dirk van Bekkum na wenzake nchini Uholanzi waliona kwamba panya waliosafishwa bakteria wa matumboni hupata shambulio hilo kwa wepesi zaidi. Mwaka 1983 timu ya Seattle, akiwamo Rainer Storb, ilitoa taarifa kwamba wagonjwa wa upungufu mkubwa wa damu utokanao na uloto kushindwa kazi, waliowekwa katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa na kupewa dawa za kusafisha matumbo, walipata shambulio hilo kwa uchache zaidi. Ilionekana kama Metchnikoff alikuwa na haki: safisha matumbo, mgonjwa atapona.

Matumbo ya binadamu, hata hivyo, hayasafishiki kama ya panya. Matokeo ya vituo vingine hayakulingana, na hospitali nyingi zikaacha.

Kisha zikaja mashine za kusoma vinasaba, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kuwaorodhesha bakteria wote waliomo katika choo cha mgonjwa. Ying Taur na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walionyesha mwaka 2012 kwamba wakati wa upandikizaji jamii ya bakteria husambaratika, na mara nyingi aina moja huitawala nafasi yote. Walioshikwa na enterokokasi sugu kwa vankomaisini walikuwa katika hatari mara tisa zaidi ya kupata bakteria huyo katika damu. Mwaka 2014 kundi hilohilo lilitoa hesabu ya wagonjwa 80: waliokuwa na bakteria wa aina chache, asilimia 36 tu walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na waliokuwa na aina nyingi, asilimia 67.

Kulikuwa na shaka kwamba hayo ni mambo ya hospitali moja. Mwaka 2020 Jonathan Peled na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa 1,362 kutoka New York, Durham ya North Carolina, Regensburg ya Ujerumani na Sapporo ya Japani. Mwelekeo ulikuwa uleule. Miongoni mwa wagonjwa wa New York, waliofariki katika kundi la aina nyingi ni 104 kati ya 354. Katika kundi la aina chache ni 136 kati ya 350. Takwimu za namna hii zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo, na jambo hilo lisisahaulike.

Sababu mojawapo inayoelezwa ni hii. Baadhi ya bakteria wa matumboni huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa butireti, ambayo ni lishe ya chembe zinazojenga ukuta wa utumbo. Tiba kali na antibaiotiki zikiwaua bakteria hao, ukuta hupoteza mlinzi wake, vijidudu hupenya, na chembe za mtoaji hupata king'ora cha kushambulia. Aidha, mwaka 2016 utafiti wa wagonjwa 857 ulionyesha kwamba antibaiotiki fulani za kuua bakteria wa aina nyingi kwa mpigo ziliambatana na vifo zaidi vinavyotokana na shambulio hilo: kwa waliopewa imipenemu pamoja na silastatini, asilimia 21.5 dhidi ya asilimia 13.1 ya wasiopewa.

Hapo ndipo Metchnikoff anapopinduliwa. Alidhani kwamba utumbo mpana umejaa maadui, na kwamba kupungua kwao ni faida. Wodi ya uloto imeonyesha kwamba umaskini wa bakteria ndio unaoandamana na mauti. Lakini ile hoja yake ya mwaka 1892, kwamba wenyeji wa tumboni ndio wanaoamua hatima ya mgeni, imesimama. Na mwaka 2020 Jonas Schluter na wenzake, wakifuatilia damu na choo cha wagonjwa siku baada ya siku, walitoa taarifa kwamba uwepo wa bakteria kama Faecalibacterium uliambatana na kupanda kwa idadi ya nyutrofili, wale mikrofeji wake. Mambo mawili aliyoyafanyia kazi katika nusu mbili za maisha yake yamekutana katika chati moja ya kitandani.

Tiba inayofuata bado inatafutwa. Mwaka 2018 kundi la New York lilijaribu kuwarudishia wagonjwa choo chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya upandikizaji. Wagonjwa 14 walirudishiwa na 11 hawakurudishiwa, na jamii ya bakteria ya hao wa kwanza ilirejea karibu na hali yake ya awali. Njia hiyo ina hatari pia. Mwaka 2019 ilitangazwa Marekani kwamba mgonjwa aliyekuwa akipandikizwa seli shina alifariki baada ya kupewa vidonge vya choo cha mtu mwingine vilivyokuwa na bakteria sugu.

Habari hizi si za ng'ambo pekee. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na maswali ya antibaiotiki gani itumike na mgonjwa ale nini ni yaleyale.

Kuhusu chakula, lipo jambo ambalo mzee huyo angelipenda. Mwaka 2019 Christoph Stein-Thoeringer na wenzake waligundua kwamba enterokokasi, yule mtawala wa matumbo yaliyosambaratika, hustawi kwa sukari ya maziwa. Panya walionyimwa sukari hiyo walipata shambulio jepesi, na wagonjwa ambao kwa maumbile yao hawaisagi vyema walikaa na bakteria huyo kwa muda mrefu zaidi baada ya kupewa antibaiotiki. Maziwa yanapoganda, bakteria wa kugandisha huila sehemu ya sukari hiyo. Hata hivyo vidonge vya laktobasila vilipojaribiwa kwa waliopandikizwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, havikuzuia shambulio, na hospitali nyingi bado humkataza mgonjwa mwenye kinga iliyoporomoka kunywa maziwa mgando yasiyochemshwa, kwa kuhofia kwamba bakteria hai wanaweza kuingia katika damu kabla nyutrofili hazijarudi.